Fidia ya Orlando: Kutoka Makambako hadi Mchuchuma

Makambako haina subira na mgeni. Unaposhuka tu kwenye basi la Dar es Salaam, wapiga debe wameshakuuliza unakwenda wapi, begi lako limeshashikwa, na muuza parachichi ameshakuwekea mfuko mkononi kabla hujakubali bei. Hapa reli ya TAZARA inakutana na barabara kuu ya Mbeya na Tunduma, na hapa ndipo inapochepuka ile inayokwenda Njombe, halafu Songea. Malori yanayopanda na makaa ya mawe kutoka kusini hupumzika kando ya lami, turubai limefungwa kwa kamba, vumbi jeusi limeganda kwenye bodi.

Mimi nilikuwa nafuatilia habari za mtu ambaye ukimtaja Njombe utaulizwa anachezea timu gani: Vittorio Emanuele Orlando, waziri mkuu wa Italia kuanzia mwisho wa Oktoba 1917 hadi Juni 1919. Alikuwa mmoja wa wakubwa wanne waliokaa Paris kuipanga upya dunia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na Woodrow Wilson wa Marekani, David Lloyd George wa Uingereza na Georges Clemenceau wa Ufaransa. Mezani pale ndipo nchi hii iliponyang'anywa Mjerumani ikakabidhiwa Mwingereza. Wakati inakabidhiwa, kiti cha Orlando kilikuwa kitupu. Na kilichomlazimisha kurudi kukikalia, kichwa chini, kilikuwa pamoja na mengine kitu ambacho nchi yake haikuwa nacho na Ludewa wanacho tele, hicho hicho kilichofunikwa turubai pale Makambako.

Njombe haiko mbali na Makambako, lakini hali ya hewa hubadilika kana kwamba umevuka mpaka. Ukungu, misonobari, mashamba ya viazi mviringo yaliyopanda hadi kwenye ukingo wa barabara, na miwati iliyopandwa na kampuni ya TANWAT iliyoanzishwa mwaka 1949. Salamu inabadilika pia: hapa ni "Kamwene", na asiyeijibu anajulikana mara moja kuwa ametoka mbali. Nyanda hizi zote, kutoka mabonde ya Lupembe hadi Ilembula, ndizo Ubena ya kwenye ramani za zamani za vita.

Oktoba 1918 jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lilipita hapa kwa mara ya mwisho. Lilikuwa limevuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba ya mwaka uliotangulia, likazunguka huko likiishi kwa kupora maghala ya Wareno, na mwishoni mwa Septemba 1918 likavuka tena kurudi. Likapita pembeni ya Songea, likapanda Ubena, huku King's African Rifles wa Mwingereza wakilifuata kwa nyuma. Mafua makali ya mwaka ule na homa ya mapafu vilikuwa vinawaangusha askari na wapagazi njiani. Majeruhi na wagonjwa wasioweza kutembea waliachwa hapa Ubena, na miongoni mwao alikuwa Jenerali Kurt Wahle.

Huyu Wahle anastahili aya yake. Alikuwa mstaafu aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1914 kumwona mwanawe. Vita vikaanza, meli za kurudi kwao zikakatika, na mzee akavaa tena magwanda. Alipigana Tabora, akashuka kusini na kikosi chake mwaka 1916 akipita humu humu Iringa na Njombe, akaenda Msumbiji, akarudi. Mwishowe akakutwa na Waingereza akiwa mgonjwa Ubena. Ziara ya kumsalimia mtoto ilichukua miaka minne.

Wenyeji hawakuandikiwa kumbukumbu za namna hiyo. Walikuwa wameshapita kwenye vita vya Maji Maji miaka kumi na mitatu kabla, wakati mtemi Mbeyela alipoingia vitani na misheni ya Yakobi ikashambuliwa. Kisha mwaka 1916 akaja Jenerali Northey wa Waingereza kutoka Nyasaland, na mwezi Novemba mwaka huo kikosi kizima cha Wajerumani kikasalimu amri Ilembula. Kila jeshi lililopita lilitaka vitu viwili: mahindi na mabega ya kubebea mizigo. Mwaka 1918 vyote viwili vilikuwa vimekaribia kwisha. Von Lettow akaendelea hadi Rhodesia ya Kaskazini, akapata habari za kusitishwa kwa vita akiwa mto Chambeshi, na tarehe 25 Novemba akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, akiwa na Wazungu 155 na askari zaidi ya 1,100.

Hadithi hii inapenda kusimuliwa kama ya jeshi lisiloshindwa. Inafurahisha wanaopenda vita. Lakini mwendo ule wote wa Ubena, pamoja na vifo vyake, haukuamua lolote kuhusu nani angeitawala Ubena. Hilo liliamuliwa na watu waliokuwa wamekaa kwenye viti vya kuegemea.

Orlando alizaliwa Palermo, kisiwani Sicily, tarehe 19 Mei 1860, siku chache kabla ya Garibaldi na watu wake kuingia mji huo katika harakati za kuiunganisha Italia. Wakili kwa ukoo na kwa tabia, akawa profesa wa sheria akiwa kijana, akafundisha Modena, Messina, Palermo na hatimaye Roma. Wanasheria wa Italia humhesabu kuwa ndiye aliyeijenga taaluma ya sheria za dola nchini mwao. Mwaka 1897 aliingia bungeni kwa jimbo la Partinico, na kuanzia hapo akapanda ngazi ile ile waliyopanda waliberali wenzake chini ya kivuli cha Giovanni Giolitti: Waziri wa Elimu 1903 hadi 1905, Waziri wa Sheria 1907 hadi 1909, Sheria tena vita vilipoanza, kisha Mambo ya Ndani mwaka 1916. Sheria ya elimu ya mwaka 1904, iliyosukuma umri wa lazima wa kukaa shule hadi miaka 12, ina jina lake mpaka leo.

Waliberali wa Italia wa wakati ule hawakuwa watu wa majukwaa ya kelele. Walikuwa watu wa kuelewana kwenye korido, kura huku, barabara kule, mkuu wa wilaya anahamishwa, mbunge anatulia. Orlando alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye maneno mengi na machozi ya karibu. Siasa za aina hiyo zinatosha kabisa nchi ikiwa na amani.

Tarehe 24 Oktoba 1917 Waaustria na Wajerumani walivunja mstari wa Italia Caporetto. Karibu watu 300,000 walitekwa, jeshi likarudi nyuma hadi mto Piave, na serikali ikaanguka. Orlando akakabidhiwa nchi wiki hiyo hiyo. Alimwondoa Jenerali Cadorna, akamweka Diaz, akasimama bungeni kuwaambia watu wavumilie. Mwaka mmoja kamili baada ya Caporetto, tarehe 24 Oktoba 1918, Diaz alianza shambulio la Vittorio Veneto. Wakati huo Wahle alikuwa bado anakohoa Ubena na safu ya von Lettow ikielekea mpaka wa Rhodesia. Siku kumi baadaye Austria iliomba amani, na Orlando akaitwa Waziri Mkuu wa Ushindi.

Ushindi huo ulikuwa na hati yake ya madai. Tarehe 26 Aprili 1915 Italia ilikuwa imesaini kwa siri Mkataba wa London, ambao kwao iliahidiwa Trento, Trieste, Istria na sehemu ya Dalmatia ikiingia vitani upande wa Uingereza na Ufaransa. Ibara ya 13 ndiyo inayotuhusu sisi. Ilisema kwamba iwapo Uingereza na Ufaransa zitaongeza makoloni yao Afrika kwa kuchukua ya Ujerumani, Italia inaweza kudai fidia ya haki, hasa kwa kurekebishiwa mipaka ya Eritrea, Somalia na Libya.

Mtu yeyote wa Mundindi au Nkomang'ombe, huko Ludewa, aliyewahi kusubiri malipo ya fidia atakuambia ibara hiyo ina kasoro gani. Haitaji eneo wala tarehe. Haisemi nani atakayefanya tathmini.

Orlando alifika Paris mapema mwaka 1919 akiwa na Sidney Sonnino, Waziri wake wa Mambo ya Nje, mtu mkavu asiyeongea sana. Wawili hao hawakukubaliana hata juu ya walichokifuata. Sonnino alitaka kila herufi ya Mkataba wa London. Orlando aliongeza bandari ya Fiume, ambayo haikuwamo kwenye mkataba, kwa kuwa watu barabarani Italia walikuwa wanaililia. Hivyo Italia ikawa inadai Dalmatia kwa hoja ya mkataba na Fiume kwa hoja ya kwamba wakazi wake ni Wataliani, na Wilson, ambaye hakuwa ameusaini mkataba wowote wa siri, akaziona hoja hizo mbili zinakulana zenyewe kwa zenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine dogo lililomgharimu. Wilson na Lloyd George walizungumza Kiingereza, na Clemenceau alikijua vizuri. Orlando alikuwa na Kifaransa tu. Watatu waliweza kuchekeana na kubishana wao kwa wao, yeye akisubiri kutafsiriwa. Kwa mwanasiasa wa korido, kukosa kusikia mnong'ono ni kukosa kazi yenyewe.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili, alisoma madai yake ya Fiume, akakataliwa, akaenda dirishani akalia kwa sauti. Tarehe 23 Wilson akatoa tamko kwenye magazeti akiwaeleza Wataliani moja kwa moja kwa nini Fiume si yao, akimruka waziri wao mkuu. Kesho yake Orlando akapanda treni kwenda Roma. Alipokewa kama shujaa, na bunge likampa kura 382 dhidi ya 40.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Waliobaki Paris hawakumngoja. Tarehe 6 Mei watatu hao walikubaliana Wagiriki wapeleke jeshi Smyrna, mahali ambapo Italia ilikuwa na macho. Siku hizo hizo waligawana makoloni ya Wajerumani, na tangazo likatoka tarehe 7 Mei: Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Ubena yake, na Upangwa wake, na mtu wa Manda asiyejua Paris iko upande gani, chini ya Uingereza kwa dhamana. Tangazo lilitaja wakubwa watatu. Orlando na Sonnino waliwasili tena Paris siku hiyo hiyo ya tarehe 7.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, na kiti kitupu kinawapa mwisho mzuri wa hadithi. Mimi naona kinapewa uzito kupita kiasi. Uingereza ilikuwa imeshaikalia nchi hii, ina mabwana shauri wake kwenye kila boma kutoka Tanga hadi Songea, na haikuwa na nia ya kumpisha yeyote isipokuwa Mbelgiji kwa Ruanda na Urundi, na Mreno kwa kipembe cha Kionga. Hata angekaa pale usiku na mchana, Orlando asingeondoka na Njombe. Ibara ya 13 yenyewe ilimpa haki ya kurekebishiwa mipaka, si koloni zima. Alichopoteza kwa kuondoka ni nafasi ya kuuliza, wakati wenzake wanakata, kipande chake ni kipi.

Na kwa nini alirudi, ikiwa Roma nzima ilikuwa inamshangilia? Kabla ya vita Italia iliagiza kama tani milioni 10 za makaa ya mawe kwa mwaka, nyingi kutoka Uingereza. Haina makaa yake ya maana. Ngano ilitoka ng'ambo, dola zilitoka Washington, na mkaa uliosukuma treni lile lililompeleka Roma kwa vifijo ulitoka kwa watu wale wale aliowanunia. Waziri mkuu wa nchi kama hiyo anaweza kususa kwa wiki mbili. Zaidi ya hapo viwanda vinazima.

Kutoka Njombe kwenda Ludewa unachepukia Itoni, na baada ya Lusitu milima inaanza kukusukuma pembeni. Kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimejengwa kwa zege badala ya lami, kwa kuwa miinuko na mvua za huku ziliimaliza kila barabara ya kawaida. Matairi yanagonga maungio ya zege kwa mapigo yaleyale saa nzima. Ukifumba macho ungedhani uko kwenye behewa. Vibandani wanauza ulanzi kwenye madumu, na abiria wa kiti cha mbele alimwomba dereva asimame, dereva akasimama, na hakuna aliyelalamika.

Huku juu, ukitafuta walichokipata Wataliani nyanda za kusini baada ya 1919, usitafute kwenye mikataba. Tafuta kwenye vitabu vya ubatizo. Wabenediktini wa Kijerumani walipofukuzwa, Wamisionari wa Consolata kutoka Turin walikuja Iringa mwaka huo huo wa 1919 kushika vituo kama Tosamaganga. Waliruhusiwa kwa kuwa walikuwa raia wa nchi iliyoshinda, ile ya Orlando. Kutoka Iringa kazi yao ilisambaa, na hospitali ya Consolata ya Ikonda, Makete, inapokea wagonjwa wanaosafiri kutoka mikoa mingine kuifuata. Baadaye tena, miaka ya sabini, shirika la CEFA la Bologna likaja Matembwe, Njombe, na mambo ya umeme wa maji na mifugo. Jibini ya Njombe inayouzwa Dar es Salaam ina mkono wao. Mwaka 1919 hakuna mwanasiasa wa Roma ambaye angeyaita hayo matunda ya ushindi.

Mchuchuma iko chini ya haya yote, upande wa kuelekea Ziwa Nyasa, ambako baridi ya Njombe inakuacha na jua linarudi. Ni sehemu ya bonde la Ruhuhu. Mjiolojia wa Kijerumani Wilhelm Bornhardt aliyaona makaa ya bonde hili katika miaka ya 1890, na Stockley wa idara ya jiolojia ya Waingereza akalipima mwanzoni mwa miaka ya 1930. Yaani wale watatu walipoigawa nchi Mei 1919, mkaa huu ulikuwa umeshajulikana robo karne. Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, linataja tani milioni 428 Mchuchuma na tani milioni 126 za chuma Liganga, jirani tu.

Karibu na Nkomang'ombe nilioneshwa mahali ambapo kijito kimekata ukingo na mwamba umejitokeza. Tabaka jeusi limelala kati ya matabaka ya udongo wa mfinyanzi wa kijivu. Ukilivuta linakatika bapa kwa bapa, kila bapa lina upande unaong'aa na upande uliofifia, na vidole vinabaki vyeusi hata ukivisugua kwa mchanga. Halina uzito unaoutarajia. Mtoto aliyekuwa nasi alikuwa analirusha majini kama kijiwe chochote.

Ajabu ni kwamba kisheria, Mtaliani angeweza kuja kuuchimba mkaa huu. Mkataba wa dhamana ya Tanganyika, uliothibitishwa na Ushirika wa Mataifa tarehe 20 Julai 1922, ulisema kwenye Ibara ya 7 kwamba vibali vya kuendeleza maliasili vitatolewa bila kubagua raia wa nchi wanachama. Italia ilikuwa mwanachama. Lakini haki ya kuchimba mkaa ulio nyuma ya safu ya milima ya Livingstone, bila reli, bila barabara, ni haki ya kwenye karatasi. Waingereza wenyewe waliokuwa na serikali mkononi hawakuuchimba.

Orlando hakusaini hata Mkataba wa Versailles. Bunge lilelile lililompa kura 382 lilimwangusha tarehe 19 Juni 1919, Francesco Saverio Nitti akashika nafasi yake siku nne baadaye, na tarehe 28 mkataba ulipotiwa sahihi, kwa Italia walisaini Sonnino, Imperiali na Crespi. Mkataba huo, katika Ibara ya 119, ndio uliomvua Mjerumani makoloni yote.

Yaliyofuata hayampambi sana. Mussolini alipochukua madaraka mwaka 1922, Orlando, kama waliberali wengi, alidhani mtu huyo atalainika akikaa ofisini. Mwaka 1924 alikubali jina lake liwe kwenye orodha ya wagombea ya serikali. Alipouawa mbunge Giacomo Matteotti mwezi Juni mwaka huo ndipo alipofumbuka macho, na mwaka 1925 akajiuzulu ubunge. Mwaka 1931 maprofesa walitakiwa waape kuutii utawala wa Kifashisti. Wachache sana walikataa, na Orlando akaona heri astaafu kufundisha kuliko kuapa. Mwanasheria aliyetumia maisha yake kufundisha dola ni nini aligundua akiwa na miaka sabini kwamba dola lake limeibwa na watu aliowafungulia mlango.

Alirudi. Mwaka 1944, Roma ilipokombolewa, akawa Spika wa Bunge, mwaka 1946 akaingia kwenye Bunge la Katiba, mwaka 1948 akashindwa na Luigi Einaudi kuwania urais. Alipinga vikali mkataba wa amani wa 1947 uliomaliza makoloni ya Italia. Akaishi kuona kitu kingine: tarehe 1 Aprili 1950 Umoja wa Mataifa uliikabidhi Italia udhamini wa Somalia kwa miaka kumi, chini ya baraza lile lile la udhamini lililokuwa linaisimamia Tanganyika, na ujumbe uliotumwa na baraza hilo mwaka 1951 ulizitembelea nchi zote mbili katika safari moja. Alikufa Roma tarehe 1 Desemba 1952, wa mwisho kati ya wale wanne.

Nkomang'ombe mwenyeji wangu alinipeleka kwa babu yake, mtu wa umri wa kukumbuka mambo mengi, aliyekuwa amekaa juani akichambua maharage. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza nimetumwa na nani. Wageni wengi wanaofika hapa wametumwa. Mkataba wa NDC na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ulisainiwa Septemba 2011, asilimia 20 kwa NDC na 80 kwa kampuni, mradi wa dola bilioni 3 wenye mgodi, umeme na chuma. Watu wakaambiwa watapisha. Wakasubiri tathmini, kisha malipo. Serikali ikalipa fidia, zaidi ya shilingi bilioni 15, mwaka 2023.

Nikamwambia babu sijatumwa, naandika habari za waziri mkuu mmoja wa zamani wa Italia. Nikamsimulia kwa kifupi: vita, Ubena, meza ya Paris, ahadi ya fidia, mtu kuondoka kwa hasira na kurudi akakuta wameshagawana. Akasikiliza bila kuacha maharage.

"Sasa huyo Mtaliani wako," akauliza, "fidia yake alilipwa?"

Nikamjibu kwamba nchi yake ililipwa. Wataliani walitaka Djibouti, Wafaransa wakakataa. Waingereza kupitia Lord Milner wakakubali kutoa Jubaland, iliyokuwa upande wa Kenya, na bandari yake ya Kisimayu. Walielewana mwaka 1920, wakavutana, wakasaini Julai 1924, na Italia ikakabidhiwa tarehe 29 Juni 1925. Orlando alikuwa ameshatoka. Aliyepokea na kujisifu alikuwa Mussolini.

"Kutoka lini hadi lini?"

"Kutoka 1919 hadi 1925, babu. Miaka sita."

"Sita tu?" Akacheka mpaka akakohoa, akamtazama mjukuu wake, akanitazama mimi. Halafu akataka kujua wenyeji wa hiyo Kisimayu walipewa nini, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya kwao. Nikamwambia mkataba ulikuwa wa London na Roma, na wao hawakuwa upande wowote wa karatasi. Akasema hilo alilijua kabla sijajibu, akaniuliza kama nitakula.